Goti Lililonyamaza

Jumanne, tarehe tatu Novemba. Kulikucha kweupe, bila upepo, mbingu ikiwa kama karatasi isiyoandikwa. Lakini hewa ilikuwa nzito, na kuta za jikoni zilikuwa zimetoka jasho.

Mwanamke ambaye kazini walimwita Redio aliamka, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka viganja vyote viwili juu ya goti lake la kushoto, akasubiri. Ndivyo alivyofanya kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja. Wenzake wakiamka huchungulia dirishani. Yeye aliliuliza goti. Nalo lilikuwa na majibu. Mvua ikiwa mbali, lilikuna kwa ndani kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Ikiwa karibu, liliuma kutoka kwenye kiini cha mfupa, maumivu yakashuka hadi kifundo cha mguu, yakapanda hadi nyonga, naye akauma kona ya shuka ili asiwaamshe waliolala.

Asubuhi hii halikusema neno. Ilikuwa siku ya tisa.

Aliliminya. Alihisi ngozi, akahisi joto la viganja vyake mwenyewe. Chini ya hapo palikuwa kimya, kama chumba ambacho mpangaji amehama na kuacha msumari ukutani. Hakufurahi. Wala hakuhuzunika. Vile vidonge vya manjano alivyopewa na daktari vilikuwa vimelaza maumivu, na katika kulaza, vilikuwa vimelaza na mengine yaliyokuwa jirani.

Akasali palepale alipoketi. Kwa miaka kumi na mmoja sala yake ilikuwa moja: Mola, liondoe, au nipe bega la kulibebea. Maneno yalimtoka yenyewe, maana mwenye kuumwa hakosi la kumwambia Mungu. Sasa lilikuwa limeondolewa, na lililobaki kusemwa lilikuwa neno moja tu, asante. Alilisema. Akalisikia likidondoka sakafuni kama kifungo cha shati. Akalisema tena, kwa kuwa aliamini kwamba shukrani haingoji moyo uchangamke.

Jikoni, mkamwana wake alikuwa akigombana na kopo la chumvi. Siku nyingi waliishi wawili tu, maana mwana, mume wa huyu, alikuwa dereva wa malori ya masafa, na kuonekana kwake nyumbani kulikuwa kama kuandama kwa mwezi.

"Mama, hii chumvi imekuwa jiwe," mkamwana alisema, akilichokoa kwa ncha ya kisu. "Mlango wa nyuma nao umevimba, nimeufunga kwa bega. Na njiti hii ya nne ndiyo imekubali kuwaka."

"Mm."

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Umelala?"

"Kama gogo."

"Sasa mbona uso ni wa mtu aliyekesha msibani?"

Redio alichukua kikombe chake cha chai, akanywa.

Ni mkamwana huyu aliyempeleka kwa daktari wa mifupa. "Mama, huwezi ukawa unalia ndani ya shuka kila mvua, na mimi nikijifanya nimelala," alimwambia, akamshika mkono kama anayevusha mtoto barabara. Daktari aliliangalia lile goti, ambalo lilivunjika siku Redio alipoteleza kwenye maji ya sabuni akiwa na kikapu cha nguo mbichi kichwani, likaunga upande. Alisema mfupa hautanyooka tena, lakini maumivu yanaweza kupunguzwa; ameze kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, atembee, apande ngazi pole pole, asikae na baridi. Kisha akamuuliza, "Kwa nini miaka yote hii hukuja?" Redio alitazama viatu vyake. Jibu lilikuwa refu, tena la aibu.

Jibu lilikuwa hili. Nyumba ya kufulia alikofanya kazi ilifua mashuka ya hospitali moja na nyumba mbili za wageni. Ilikuwa na mashine tatu za kufua, na moja ya kukaushia ambayo ilikohoa kuliko ilivyokausha. Kwa hiyo mashuka yalianikwa juu ya paa, kwenye sakafu tupu ya saruji yenye kamba kumi na nne, na kufika huko kulikuwa na ngazi ya vipandio thelathini na kimoja. Kuyapandisha mashuka mia mbili mabichi ni kazi ya saa mbili. Yakinyeshewa, siku nzima imekwenda na maji. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla kikapu hakijainuliwa, msimamizi alisimama mbele ya Redio akauliza, "Nje au ndani?" Ndani ni chumba cha nyuma chenye majiko ya umeme, ambako shuka lilikaa siku mbili kabla ya kukubali kukauka.

Na goti halikuwahi kukosea. Simu ya msimamizi ilikuwa na picha za jua na mawingu. Ilisema jua mara tatu, wakaloa mara tatu, akaacha kuiuliza.

Redio mwenyewe hakuwa akipanda juu. Alikaa chini kwenye meza ya kukunjia. Mwaka uliopita, mwenzao mmoja mwenye mgongo mbovu aliambiwa akapumzike nyumbani, na kupumzika kwake hakujaisha mpaka leo. Siku hiyo msimamizi alimgeukia Redio akacheka: "Wewe usiogope, mama. Wewe goti lako ndilo linalokuweka hapa." Aliyasema kama utani. Redio aliyapokea kama mkataba.

Sasa goti lilikuwa limenyamaza, na kazini hakuna aliyejua. Siku nane alikuwa akibahatisha. Siku ya nne, kwa woga, alisema ndani, na jua likawaka hata saruji ya paa ikawa haikanyagiki; wakamcheka hadi jioni. Tangu hapo alisema nje kila siku, na bahati ikamfuata. Alijua bahati haifugwi. Lakini alijua pia kwamba siku atakayosema "sijui" ndiyo siku atakayoambiwa naye akapumzike.

Aliaga, akatoka. Kwenye kona, fundi viatu alikuwa amekwisha kufunika meza yake kwa nailoni, ameibana kwa mawe pande zote nne. Redio alimsalimu, akapita.

"Haloo, haloo, hapo ni Redio?" Mama Pasi alimpokea mlangoni. Alikuwa mpiga pasi, mnene wa mwili na wa maneno, na ndiye aliyembatiza jina hilo. "Tupe taarifa ya habari, shoga yangu, nijue leo navaa kandambili au naogelea."

"Ngoja mwenyewe aje."

"Eti ngoja mwenyewe! Siku hizi taarifa zako zina mapozi."

Mzee Kamba, aliyeanika na kuanua na kuzitunza zile kamba za juu, alikuwa akijaza vibanio kwenye mfuko wa aproni yake. Msimamizi akaingia na simu sikioni, akaikata.

"Mama, shikamoo. Nje au ndani? Na leo usinikoroge, nakuomba. Hospitali wanataka mashuka yao yote kabla ya saa kumi. Kesho asubuhi wana watu wa kupasuliwa, na kabati lao liko tupu."

Redio aliweka mkono gotini. Wote walimtazama mkono, si uso. Ndivyo walivyozoea. Chini ya kiganja palikuwa kimya. Yale aliyoyaona asubuhi yalikuwa kichwani mwake, kila moja mahali pake, chumvi, mlango, njiti, nailoni ya fundi viatu; lakini kwa miaka kumi na mmoja hakuwa na haja ya kuyasoma, na kitabu kisichofunguliwa huwa ni karatasi tu. Zamani, kimya cha goti kilimaanisha jua. Alijaribu kuamini kwamba bado kilimaanisha hivyo.

"Nje," akasema.

Mzee Kamba aliinua macho. "Mbona mbayuwayu wanaruka chini chini?"

"Mzee, wewe na ndege wako!" Mama Pasi alimkatiza. "Redio imeshasema. Bebeni vikapu."

Mvua haikubisha hodi. Ilipofika saa tano kasorobo, mwanga wa dirishani ulibadilika ukawa wa rangi ya maji ya majivu, na papo hapo sauti ya Mzee Kamba ikasikika kutoka juu, "Anueni! Jamani, anueni!"

Kila mtu aliacha alichoshika. Redio alikuwa akikunja foronya. Akaiweka mezani, akaifuata ngazi. Hakuamua, miguu ndiyo iliyokwenda. Alipofika juu, hakutazama kushoto wala kulia, ingawa ilikuwa miaka kumi na mmoja hajaliona paa lile. Mashuka yalikuwa yamening'inia yakichuruzika kama ng'ombe waliotoka mtoni. Alikusanya matano, akayatupa begani, akashuka, akapanda tena. Alipokuwa akirudi mara ya tatu, kamba saba za katikati zilikatika mfululizo, na mashuka yaliyokuwa juu yake yakalala kwenye maji meusi ya sakafuni. Aliyaokota hayo pia. Maji yalimwingia kwenye masikio. Hakuhisi baridi, au labda aliihisi kwa mbali, kama habari za mtaa wa pili.

Katikati ya ngazi alikutana na Mama Pasi amesimama. Wengine wote walikuwa wakikimbia. Yeye amesimama, na mkononi ameshika kitambaa chekundu kinachofuka mvuke.

Redio alikijua kitambaa kile. Kila mvua iliponyesha, Mama Pasi alikikunja mara nne, akakipiga pasi mpaka kikawa moto, akaja nacho kwenye meza ya kukunjia na kumfunga gotini, huku akisimulia umbea ili Redio asipate nafasi ya kulia. Leo pia, kabla ya kukimbilia mashuka, alikuwa amekipasha kitambaa. Akakipeleka mezani, akakuta kiti kitupu.

"Redio," alisema.

"Nini?"

"Unakimbia."

Redio alitazama miguu yake, kama mtu anayeonyeshwa mali ya mwenzake. Ilikuwa kweli. Mvua ilikuwa ikinyesha, naye alikuwa akikimbia ngazini.

"Tangu lini?" Mama Pasi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Leo ni ya tisa. Nimepewa dawa."

"Na asubuhi ukasema nje."

"Nilisema."

Mama Pasi alikichomeka kitambaa kifuani, akapokea nusu ya mashuka, wakashuka pamoja.

Chini, mashuka yalikuwa yamerundikwa sakafuni, nusu yakiwa na madoa ya matope. Msimamizi alilizunguka rundo mara mbili. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Kamba zimekatika," alisema. "Yangekuwa yamelowa tu tungeyapiga pasi. Sasa mia moja yanarudi kufuliwa. Mzee, kazi yako wewe ni nini? Si kamba? Kamba zimekuozea mikononi mwako!"

"Mwanangu, nilizifunga mpya mwezi uliopita. Ila shuka lililonyeshewa lina uzito wa mtu mzima."

"Usinipigie hadithi. Nimevumilia macho yako, nimevumilia miguu yako. Chukua vitu vyako, mzee. Nenda kapumzike."

Likatajwa lile neno. Mzee Kamba alianza kutoa vibanio mfukoni mwa aproni, kimoja kimoja, akivipanga juu ya meza kama mtu anayekabidhi nyumba.

Mama Pasi alidakia haraka, "Bosi, hata hali ya hewa yenyewe siku hizi imechanganyikiwa. Redio imekosea mara mbili katika miaka kumi na mmoja, nani asiyekosea?" Akamtupia Redio jicho lililosema: nyamaza, nimekufunika.

Redio aliliona jicho. Aliona pia jinsi mambo yalivyojipanga. Kamba zilikuwa na kosa, mvua ilikuwa na kosa, na yeye alikuwa amekosea mara mbili tu, kama binadamu yeyote. Angekaa kimya, angebaki. Ganzi ile iliyomnyima furaha siku tisa, sasa ilimnyima na woga. Alitamani aogope kidogo, ajue kwamba bado ni yeye. Alihesabu vibanio. Mzee alikuwa amefika cha kumi na tisa.

Mola, alisema moyoni, sihisi kitu, lakini najua lililo kweli. Basi na nilifuate hilo hilo ninalolijua.

"Kamba hazina kosa," alisema.

Msimamizi aligeuka.

"Goti langu limenyamaza. Leo siku ya tisa. Nameza dawa, imeyalaza maumivu, na mvua siisikii tena. Kila asubuhi mliponiuliza, nilibahatisha. Leo pia nilibahatisha. Niliogopa nikisema sijui, mtaniambia nikapumzike. Mrudishie mzee vibanio vyake."

Mashine ya kukaushia ilikuwa ikikohoa pembeni. Msimamizi alikaa juu ya kikapu kilichopinduliwa. Hasira ilimtoka, na kilichobaki kilikuwa uso wa kijana mwenye kazi kubwa kuliko umri wake.

"Mama," alisema kwa upole. "Mimi si mtu mbaya. Mvua hizi ni za wiki sita tu. Huwezi... hizo dawa ukazisimamisha kidogo? Wiki sita. Zikipita, urudi ukameze hata mbili mbili."

Hakuna aliyecheka, maana hakuwa akitania. Aliomba kama anayeazima chungu cha jirani. Mzee Kamba alitazama vibanio. Hata Mama Pasi alitazama pasi yake. Na Redio, kwa mshangao mdogo uliomfikia kwa kuchelewa, alijikuta anapiga hesabu: wiki sita, siku arobaini na mbili. Njia ile ya maumivu aliijua. Alikuwa karibu kuitika.

Kitu kikatua mezani mbele yake, kibichi, chekundu.

"Unakijua hiki?" Mama Pasi alimuuliza msimamizi. "Hukijui. Hiki nimempashia huyu kwa miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nikimfunga, nasikia mfupa unavyotetemeka ndani kama sufuria ya maji yanayochemka. Halafu nikirudi kwenye pasi nawaambia watu, Redio imesema mvua, hahaha. Hahaha yangu hiyo naionea haya leo. Usimuombe mtu aumwe, bosi. Hata kwa wiki moja. Mungu anasikia."

"Sasa mnataka nifanyeje? Mashuka nianike kwa kuota ndoto?"

Mzee Kamba alikohoa. "Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu," alisema. "Hawakusema ni goti la mwanamke."

Mama Pasi ndiye aliyeangua kicheko kwanza, akafuatia mwenzao mmoja wa mashine za kufua, na mwisho msimamizi mwenyewe akafunika uso kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Redio aliwatazama. Kitu fulani kilijaribu kupanda hadi kwenye midomo yake, hakikufika. Lakini aliona kwamba kilijaribu.

"Na nani atayatazama hayo mawingu?" msimamizi aliuliza, akijifuta macho. "Mzee haoni mbali. Mama Pasi haachi pasi. Mimi nitakosea kama hii simu."

"Mimi," Redio alisema. "Leo nimepanda ngazi ile mara sita. Nimehesabu."

Msimamizi alimtazama goti, halafu, labda kwa mara ya kwanza, akamtazama uso. Alisimama, akapiga simu hospitalini mbele yao wote. Hakusema kamba, hakusema goti. Alisema wamenyeshewa, nusu ya mashuka itafika kabla ya saa kumi, na nusu nyingine alfajiri kabla ya saa moja. Aliyekuwa upande wa pili alifoka sana, kisha akakubali. Pasi zote nne zikawashwa. Msimamizi akachukua vibanio vya Mzee Kamba kwa mikono miwili, akavirudisha mwenyewe kwenye mfuko wa aproni.

"Nisamehe, mzee," alisema. Kisha akamgeukia Redio. "Na wewe, mama, umenidanganya siku tisa. Sikufukuzi. Lakini nataka neno lako, na ulitoe hapa, watu hawa wasikie. La moyoni limeshatuponza."

Nje mvua ilikuwa bado inanyesha. Redio alisimama. Mkono wake ulianza kwenda gotini, kwa mazoea; akaurudisha, akauweka juu ya meza ya kukunjia, kando ya kile kitambaa. Sauti yake ilitoka bapa, haina mlima wala bonde, lakini kila mmoja aliisikia.

"Dawa yangu nitaimeza," alisema. "Kila asubuhi nitapanda juu, nitazame mbingu kwa macho yangu, na nisipojua, nitasema sijui. Mvua ikitukuta, nitakuwa wa kwanza kuanua. Na goti likianza tena kuuma, nitasema linauma kwa sababu linauma, si kwa sababu mmeniuliza nje au ndani. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu nyote."